Kondoo Wasio na Hereni

Mwaka ule binti wa ofisi ya meya alipokuja kuhesabu mifugo, kijiji kizima kiligeuka mwizi wa mali yake chenyewe. Kila mtu alikuwa anaficha kondoo wake kama vile kawaiba usiku. Nacheka nikisimulia, lakini msinione nacheka mkadhani nimesahau. Nina hasira mpaka leo, na sioni aibu kusema hivyo.

Habari ilimtangulia binti mwenyewe. Tudosie jirani yetu, mtu asiye na siri wala haya, alikuwa mjini kununua nyaya, akamkuta dukani anaulizia njia ya kuja kwetu Lunca Sasei. Akapanda baiskeli yake kwenye theluji, akaja anahema, akafungua mlango wetu bila hata hodi.

"Ilarion! Wanakuja kuhesabu! Kila chenye pumzi kinaandikwa!"

"Basi wewe umesalimika," nikamwambia, "maana pumzi zenyewe zimekwisha."

"Cheka tu, Savina. Utacheka wakikutoza kodi ya kila mkia."

Mume wangu Ilarion alikuwa anatengeneza kengele ya kondoo karibu na jiko. Yeye ndiye mchunga mkuu wa kijiji, kama baba yake kabla yake. Majira ya baridi kila nyumba hukaa na kondoo wake, lakini ikifika sikukuu ya Mtakatifu George, mwanzo wa majani, wote wanakusanywa kundi moja na kupelekwa kwake kwenye malisho ya kijiji, kule mlimani. Siku hiyo kila mwenye kondoo anakamua wake mwenyewe mbele ya watu wote, Ilarion anatumbukiza fimbo yenye alama kwenye ndoo kuona maziwa yamefika wapi, na kwa alama hiyo kila nyumba inapata fungu lake la jibini kiangazi chote. Mwenye kondoo wanne na mwenye arobaini wanasimama foleni moja. Kuna maneno siku hiyo, msiulize! Huyu kamlisha kondoo wake chumvi jana ili anywe maji mengi, yule kaminya chuchu mpaka damu. Ila tukimaliza tunakula nyama pamoja na yanakwisha.

Na jibini ndiyo maisha yetu. Kwetu aliyebaki kijijini hana mshahara. Watoto wako Italia na Hispania wanachuma matunda ya watu. Sisi tuna jibini, sufu, na mwanakondoo wa Pasaka. Dawa ya presha ni jibini, kuni ni jibini, viatu ni jibini. Mashamba ya bondeni tulikuwa tumeshayakodisha zamani kwa Kampuni, ile ya kilimo cha mashamba makubwa, kwa magunia ya mahindi kila vuli, kwa sababu nani wa kulima tena, migongo yenyewe hii? Tulisema potelea mbali, hayo ni mashamba tu, malisho tunayo.

Ilarion akaweka kengele chini. "Labda safari hii wanahesabu kwa heri," akasema. "Nimesikia sehemu nyingine wanatoa ruzuku. Tuseme ukweli, yaishe."

Hapo ndipo mama mkwe wangu, Bibi Catinca, aliponyanyuka kitandani kwake nyuma ya jiko. Bibi huyu amekula chumvi nyingi, haoni vizuri na kwenda chooni lazima nimshike mkono, lakini alisimama mwenyewe bila fimbo.

"Kwa heri?" akasema. "Mwanangu, umewahi kuona mtu anahesabu vya mwenzake kwa heri? Bikira Maria alijifungulia zizini kwa sababu gani? Si kwa sababu waliitwa kuhesabiwa?"

"Mama, zama zile zimepita."

"Zimepita kwako. Baba yako alificha kondoo jike mmoja chini ya sakafu, kamoja tu, wakati wa Chama cha Kikomunisti. Kila aliyeandikwa alikuwa na deni la sufu, deni la maziwa, deni la mtoto wake. Watu wa Chama walipokuja kukagua, akalia. Kondoo, si baba yako. Wakamchukua baba yako, akarudi hana jino hata moja. Leo unataka kuwaonyesha kundi zima? Thubutu!"

Ilarion ana mabega ya fahali, lakini mbele ya mama yake ni mtoto wa miaka saba. Alinitazama mimi. Nami nilinyamaza, maana nyumba ile ni ya mama yake, na kusema kweli hata mimi nilikuwa na woga. Sote tulilelewa na hadithi ya meno ya mzee yule.

Basi akavaa koti lake la ngozi, akaenda nyumba kwa nyumba. Kila nyumba ilibakiza wawili watatu wenye hereni za serikali masikioni, wale waliokwishaandikwa zamani. Wengine wote, zaidi ya mia tatu, aliwaswaga mpaka korongoni kando ya mto. Tudosie alifuata nyuma anaburuta tawi la mti kufuta nyayo kwenye theluji, na akateleza akaanguka matakoni mbele ya kanisa. Lo, tulivyocheka! Kijiji kilikuwa na furaha siku ile kama siku ya harusi.

Binti alikuja mchana, pua nyekundu kwa baridi. Nilimpa chai. Kulikuwa na kondoo jike mmoja mzito, karibu kuzaa, ambaye Ilarion hakuthubutu kumpeleka korongoni, nikawa nimemfungia stoo pamoja na viazi. Nilifungua redio kwa sauti kubwa, ikawa ni kwaya. Kila kwaya ilipomeza mate, stoo ilijibu.

"Mna kondoo wangapi, mama?"

"Watatu, binti yangu. Na mmoja wao mgonjwa."

Akatazama mlango wa stoo. Akanitazama. "Mama, una hakika? Nitakachoandika leo ndicho kitakachobaki."

Nikadhani ananitisha. "Andika watatu," nikamwambia. Akaandika, nikatia sahihi, akanywa chai yake mpaka tone la mwisho, akashukuru, akaenda kwa jirani kudanganywa tena.

Jioni Ilarion alirudi na kondoo wa watu, barafu kwenye ndevu. Walikuja wanaume, ikanywewa tsuika, pombe yetu kali ya plamu, kila mtu akasimulia alivyomchezea binti wa watu. Bibi Catinca alikaa katikati yao kama malkia. Alimshika mwanawe mkono akamwambia, "Baba yako angekuona leo angefurahi."

Theluji ilipoanza kuyeyuka, tangazo likabandikwa kwenye mlango wa duka. Mwenye duka ndiye aliyetusomea, na alilisoma mara mbili kwa sababu mara ya kwanza hatukumwamini. Malisho ya Lunca Sasei yamekodishwa kwa Kampuni, yote, kuanzia mwaka huu, kwa kuwa idadi ya mifugo ya kijiji haihitaji eneo kubwa kiasi hicho. Wenye kondoo wameachiwa kipande nyuma ya makaburi. Kipande hicho nakifahamu. Mbuzi wawili wakilala hapo, wa tatu anasimama.

Tudosie alikuwa wa kwanza kuelewa. Nilimwona uso unavyombadilika. "Jamani," akasema, "ndio kuhesabiwa kwenyewe."

Ilarion aligeuka hapo hapo. Alirudi nyumbani, akachukua fimbo yake na mbwa, akaanza kufungua mazizi ya watu, moja baada ya jingine. Wenyewe walipotoka kuuliza aliwaambia, "Tunakwenda kuwaonyesha." Ikaeleweka. Watu wakatoa kondoo waliokuwa wamefichwa kila pembe, mpaka wajane wenye wanne wanne. Tukateremka na kundi zima barabara ya lami mpaka ofisi ya meya kwenye makao makuu ya kata. Magari yalisimama, madereva wakapiga honi, mbwa wakabweka. Mbele ya ofisi kundi lilijaa uwanja, likajaa bustani ya maua, likala maua.

Meya wetu ni Cezar Burlacu, mtoto wa kijiji hiki hiki. Alitoka na koti lake zuri, akasimama kwenye ngazi, akatutazama kwa upole. Ule upole ndio uliniudhi kuliko yote.

"Mzee Ilarion, shikamoo. Kuna nini?"

"Marahaba. Umesema hatuna kondoo," Ilarion akajibu. "Hesabu hawa."

"Na mimi unijibu," nikadakia, "wewe Cezar, umekula jibini ya kundi hili tangu huna meno! Nani aliyekwambia hatuna kondoo?"

"Nyinyi, Mama Savina. Mmeniambia nyinyi, nyumba kwa nyumba, na mkatia sahihi."

Watu wakaanza kupiga kelele. Akainua mkono, akashuka ngazi mbili, akasema kwa sauti ya chini, karibu ya huruma, ili tumsikie sisi wa mbele tu.

"Nisikilizeni. Hawa nawaona hawana hereni. Kwa sheria, kondoo asiye na hereni hana mwenyewe, hana afya, hana alikotoka. Nikiamini macho yangu, sasa hivi nampigia simu daktari wa mifugo, anakuja na sindano, wanafukiwa na chokaa, na kila mmoja wenu anapigwa faini kwa kila kichwa. Nikiamini karatasi, basi hapa uwanjani sioni kondoo wowote, na nyinyi mnarudi nyumbani salama. Mzee Ilarion, wewe ni mchunga mkuu. Nifanye lipi?"

Kondoo peke yao walikuwa wanatafuna. Mjane mmoja nyuma yangu, Anghelina, alikwisha kuanza kuwavuta wake wanne kwa kamba, taratibu, aondoke.

Hapo nikaelewa. Cezar hakutudanganya hata neno moja. Angetudanganya vipi? Babu yake naye alificha kondoo chini ya sakafu. Alijua ukimtuma mtu na kalamu Lunca Sasei wakati wa baridi atarudi na namba gani. Alituma binti tu, akakaa ofisini kwake kwenye joto akasubiri. Mtu wa mjini asingeweza kutufanyia vile. Ilibidi awe wa kwetu.

"Mshenzi wewe," nikamwambia. "Mungu anakuona."

"Mungu anaona, mama," akasema. "Ila haandikishi mifugo."

Ilarion, fimbo mkononi, aliwatazama kondoo badala ya kumtazama meya. Halafu akapiga mluzi kwa mbwa. Kundi likageuka. Tulirudi kwa njia ya mashambani ili tusionekane barabarani, na hakuna aliyemkemea Ilarion wala kumlaumu, lakini hakuna aliyetembea karibu naye pia. Nilitembea naye mimi.

Trekta zilianza wiki ile ile. Sijui kama mmewahi kuona malisho yanayolimwa kwa mara ya kwanza. Ardhi ile haikuwahi kuguswa na jembe, si na babu zetu wala na Chama. Majani yalipinduliwa, mizizi ikawa juu, kunguru wakafuata. Injinia wa Kampuni, kijana mwenye adabu zake, alikuja kutueleza kwamba watapanda mahindi kwa umwagiliaji, na kwamba kutakuwa na nafasi ya kazi. Tudosie akauliza nafasi ngapi. Akasema ya mlinzi mmoja.

"Alinde nini?" Tudosie akauliza.

"Mifugo isiingie," kijana akajibu, akakwajuka uso. Hakuwa mtu mbaya.

Tuliwafunga kondoo kwa kamba kandokando ya barabara. Tuliwapeleka nyuma ya makaburi, na siku chache baadaye hapakuwa na hata unyasi. Nyasi kavu za ghalani zilikwisha. Anghelina alichomoa majani ya paa la kibanda chake akawalisha. Wanakondoo walizaliwa wakanyonya matiti yasiyo na kitu. Usiku nilimsikia Ilarion amelala macho, na nilipomwambia alale aliniambia, "Ningewabakiza nyumbani siku ile. Ningemwambia mama hapana." Nikamwambia mama yako ni mama yako. Nikamwambia na mimi nilinyamaza. Haikumsaidia.

Bibi Catinca yeye alikuwa na maelezo yake, na hakuna aliyeweza kumtoa hapo. "Si niliwaambia? Mliwapeleka mkawaonyesha. Mngewaacha korongoni hakuna ambaye angejua." Alisema hivyo asubuhi, mchana na jioni. Siku moja nilitaka kumjibu, Ilarion akanishika mkono.

Mchuuzi wa kondoo alikuja siku ya Mtakatifu George. Hakuichagua kwa ubaya. Lori lake lilikuwa linapita tu kuelekea bandarini, ambako meli huchukua kondoo hai kwenda ng'ambo. Alitaja bei, watu wakacheka kwa uchungu, halafu wakakubali. Nani angekataa? Kondoo aliyekufa kwa njaa hana bei kabisa. Kwa wale wasio na hereni alishusha zaidi, akatoa mfukoni mfuko wa nailoni umejaa hereni, na kijana wake akaanza kuwabana masikio, ta, ta, ta. Alasiri moja tu. Kumbe ilikuwa kazi ya alasiri moja.

Wanawake walikuwa wamekuja na ndoo zao. Hakuna aliyewaambia waje nazo. Ni siku ya kupima maziwa, mkono unachukua ndoo wenyewe. Walisimama nazo ukutani kwa duka, tupu, na hawakutazamana.

Kondoo walikataa kupanda. Kijana wa mchuuzi alimvuta mmoja kwa masikio, mwingine akapigwa fimbo, wakatawanyika, mbwa wakachanganyikiwa. Mchuuzi alikuwa ana haraka, akatukana. Hapo Ilarion akasema, "Acha. Usiwapige."

Akapita katikati yao. Akapanda ule ubao wa lori, akageuka, akawaita kwa sauti yake ya mlimani, ile ambayo hutoka kooni si mdomoni. "Hrea! Hrea, wanangu, hrea!" Kondoo jike mzee wa mbele akainua kichwa. Akapanda. Akafuata mwingine, kisha wote, wanasukumana kumfuata, kama ambavyo wangemfuata mlimani siku ile ile kama mambo yangekuwa mambo. Anghelina alikuwa analia kwa sauti. Tudosie, Tudosie yule, alikuwa amegeukia ukuta.

Lilipojaa, mlango mkubwa wa nyuma ukafungwa. Mbele kuna kilango kidogo cha kutokea mtu. Mchuuzi akakifungua, akasema, "Haya mzee, asante sana, shuka twende."

Ilarion hakushuka.

Tulisubiri. Mchuuzi akapiga bodi la lori kwa kiganja. "Mzee! Meli hainingojei mimi." Akanitazama mimi. "Mama, mtoe mumeo, tafadhali."

Nilipanda ngazi ya chuma. Ndani kulikuwa na giza na joto la pumzi zao. Alikuwa amekaa chini katikati ya kondoo, mgongo kwenye ukuta wa bati, kofia magotini. Mmoja alikuwa anamlamba mkono kutafuta chumvi.

"Ilarion, toka. Watu wanasubiri."

"Nakuja."

Hakusogea.

"Ilarion."

Akainua uso. Sijawahi kumwona mume wangu akilia katika miaka yote ya ndoa, na hata siku ile hakulia. Aliniuliza taratibu, kama mtu anayeulizia njia, "Savina, nikishuka hapa, naenda wapi?"

Nilifungua mdomo nimwambie nyumbani. Nyumbani kuna zizi tupu na mama yake anayesema si niliwaambia. Nikataka kusema mlimani. Kutoka pale ngazini niliuona mlima wote, ni kahawia mpaka juu, na trekta inageuza mwisho wa mstari. Mchuuzi alikuwa ananivuta sketi kwa chini akisema fanya haraka mama, fanya haraka. Nilikaa kwenye ngazi ya lori, nimeshika kile kilango, nikitafuta mahali pa kumtajia.